Nilivyoipigania Kozi ya Ottavia

Jumatatu, 4 Novemba

Ukungu mpaka dirishani. Katibu wa idara kanisimamisha kwenye ngazi: Ottavia Rambaldi hatarudi kufundisha. Saratani imeingia mifupani. Nilisikitika, kweli. Nilisikitika mpaka nilipofika mlango wa ofisi yangu, kisha nikaanza kufikiri.

Kozi yake ya waandishi wanawake wa Italia aliianzisha peke yake, enzi ambazo sote tulimcheka kikaoni. Sasa inajaza ukumbi. Yangu ya tenzi za mashujaa ina vijana wachache, na mmoja wao huja kuota moto. Mkuu wa idara, Profesa Gualandi, ameshasema: kozi zisizo na watu zitafutwa mwakani.

Nani atamrithi Ottavia? Kila mtu anamtaja Loredana Pittau, msaidizi wake wa miaka mingi, wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Binti mwenye bidii. Lakini mnyamavu. Mimi si mnyamavu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamua kuwa mtetezi wa wanawake. Nilimwambia mke wangu, Nives, akiwa anaosha vyombo. Akauliza naanza lini. Nikasema nimeshaanza. Akaninyooshea kitambaa cha kukaushia sahani. Sikuelewa. Nikamrudishia.

Loredana kaniazima michezo ya kuigiza ya Sista Tarsilla, mtawa wa kale aliyewatungia wenzake ndani ya kuta za nyumba ya watawa. Karne kadhaa hakuna aliyemsoma, mpaka Ottavia alipomfufua. Loredana alifurahi hata nikaona haya kidogo. Anasema mimi ni mwanamume wa kwanza wa idara kumuulizia.

Nimesoma kurasa chache. Usingizi ukanishinda.

Alhamisi, 7 Novemba

Hospitali. Nilitaka waridi, lakini duka lilikuwa na maua ya makaburini tu, masalio ya Siku ya Marehemu. Nikanunua hayo hayo. Ottavia akayatazama.

“Umewahi, Ermanno,” akasema.

Nikamwambia Tarsilla amenigusa moyo. Akaniuliza mchezo wa kwanza unaishaje. Nikajibu kwa uhakika: kwa harusi.

“Mle ndani ni watawa watupu, mwanangu. Nani kamwoa nani?”

Alicheka mpaka muuguzi akaja kumweka sawa. Nami nikacheka, kwa adabu. Kisha akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake havina uzito tena.

“Kikao ni kesho,” akasema. “Loredana asipoipata kozi hiyo, mkataba wake unakufa Desemba, na Tarsilla anarudi kabatini. Nakuomba jambo moja. Inua mkono jina lake likitajwa, halafu funga mdomo.”

Nikaahidi. Nilikuwa na nia njema kabisa, mpaka nilipofika kituo cha basi.

Ijumaa, 8 Novemba

Kikao. Mkono niliuinua, kama nilivyoahidi. Kilichoharibu ni mdomo.

Nilisema Loredana anastahili, ila anahitaji mlezi mzoefu. Basi kozi zetu ziunganishwe, iwe “Mashujaa na Wanawake”, na mlezi niwe mimi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Loredana akauliza kwa upole kwa nini wanawake waje nyuma. Nikamjibu ni suala la sauti tu, hivyo inasikika vizuri zaidi.

Hapo Gualandi akachangamka. Akanishukuru kwa wazo zuri. Akasema kama kozi mbili zinaweza kuwa moja, basi zote mbili ziingie katika kozi yake ya historia ya fasihi, idara ipunguze mzigo. Wanawake watapewa wiki moja kabla ya Pasaka. Mashujaa, wiki mbili.

Nikajaribu kupinga. Akasema wazo lilikuwa langu. Mikono ikainuliwa. Nimejipalia makaa mwenyewe! Kozi yangu kwisha, na ya Ottavia pia.

Loredana akakusanya karatasi zake polepole. Mlangoni akageuka.

“Profesa, wewe uliombwa kunyamaza tu.”

Wiki mbili kwa moja, lakini. Si haba.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimerudi hospitali mapema, kabla wengine hawajampelekea Ottavia habari iliyopotoshwa. Nikamweleza yote kwa utaratibu, hasa nia yangu. Akageuza uso ukutani. Nadhani alikuwa amechoka.

Jumatatu, 11 Novemba

Ottavia amefariki jana alfajiri.

Nimeketi ofisini bila kuwasha taa. Nikajaribu kusoma. Sikuweza.

Jumatano, 13 Novemba

Mazishi. Ukungu mzito, watu hawaoni jeneza kutoka langoni. Wanafunzi walikuja kwa mamia, hata wale waliokwisha kuhitimu na kuwa na watoto mgongoni. Wakasoma maneno ya Tarsilla kwa zamu: “Mlango mlinifungia ninyi. Sasa simameni hapo nje mnisikilize.” Walisimama kweli, na baridi ile.

Nilikuwa na hotuba mfukoni. Loredana alisimama mbele yangu na hakusogea hata nilipokohoa. Mwishowe nikampa mkono. Akautazama tu. Anakwenda Nuoro, kisiwani mbali, kufundisha watoto wa shule. Nikamwambia huko hewa ni safi.

Nives alilia kuliko ndugu wa marehemu. Nikamuuliza walijuana wapi. Kumbe kila Alhamisi alikuwa akienda kukaa safu ya nyuma katika ukumbi wa Ottavia. Miaka yote hiyo mimi nadhani yuko sokoni.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, kwani niliwahi kumuuliza? Tukarudi nyumbani kila mtu na mwavuli wake.

Jumanne, 26 Novemba

Wazo! Kongamano la kumkumbuka Ottavia. Jina: “Sauti ya Mwanamke”. Gualandi kalipenda sana, atafungua yeye, nitafunga mimi. Likifana, huenda nikapewa kozi.

Niliwaalika wanawake kwanza, kama inavyostahili. Wote wana udhuru. Loredana hata hakujibu. Nafasi nimezijaza na wanaume, wasomi wazito. Nives nimempa kazi ya kahawa na biskuti. Kasema siku hiyo atakuwa Nuoro.

Inauma kuona wanawake wasivyoijali kazi yao wenyewe. Nitaligusia hilo katika hotuba ya kufunga.