Ombi la Kujua Nani Kati ya Wazee Wangu Wawili Ndiye Kaka

Jengo la 504, ghorofa ya tatu,
Incheon.
12 Novemba

Kwa Mtunza Majalada,
Ofisi ambayo babu yangu aliifanyia kazi miaka ishirini na sita na hadi leo hataki kutuambia jina lake.

Mheshimiwa Mtunza Majalada,

YAH: KUFUNGULIWA KWA JALADA LA BWANA HAM GWANG-UK, UKURASA WA KWANZA TU, MSTARI WA MWAKA WA KUZALIWA

Naandika kwa heshima, nikijua kwamba una kazi nyingi na kwamba nyingine huruhusiwi kukiri kuwa unazo. Naitwa Tak Eun-sol, nina miaka kumi na tano. Shuleni kwetu tunasoma kwa Kikorea na Kichina, nami nimefaulu kunyamaza kwa lugha zote mbili. Kwenye karatasi ndipo ninapoweza kusema, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Babu yangu, Tak Man-ho, alikuwa kachero wenu. Mzee Ham, anayekaa ghorofa ya nne, juu ya jiko letu, alikuwa jasusi wa Korea Kaskazini. Miaka arobaini iliyopita babu alimfuata kwa miezi kumi na moja, akamkamata, akamhoji, akaandika jalada. Mzee Ham akafungwa miaka kumi na mitano. Alipotoka alipewa nyumba hapa, na baada ya miezi minane babu naye akahamia hapahapa. Babu husema ilitokea tu. Bibi, kabla hajafariki, alikuwa akimjibu, "Ilitokea tu, na lori likatokea tu, na kabati langu likapanda lenyewe."

Tangu hapo wanakula pamoja kila siku, na mimi nawapakulia. Sikuwa na lalamiko lolote hadi Jumamosi moja ya mwezi uliopita, tulipokuwa tukitazama tamthilia ya majasusi kwenye televisheni. Unaijua aina yake: mmoja wa Kaskazini, mmoja wa Kusini, wote warefu, wanaruka mapaa na nywele hazitikisiki. Wazee wangu huitazama kwa hasira na hawakosi hata sehemu moja.

"Nani anamfuata mtu amevaa koti jeupe?" babu huuliza.

"Na nani anakimbia hivyo?" Mzee Ham humjibu. "Mimi ulinikamata nikiwa kwenye foleni ya choo."

Jioni hiyo wale vijana wawili waliapa kuwa ndugu, na mmoja akamwita mwenzake kaka. Babu aliguswa. Alinyoosha kikombe chake cha pombe ya soju akasema, "Haya, mdogo wangu Ham, nimiminie."

Mzee Ham akaiweka chupa chini. "Mdogo wa nani?"

Hapo amani ikavunjika katika Jengo la 504.

Babu anasema alizaliwa 1955. Kitambulisho chake kinasema 1957, kwa sababu baba yake alingoja kwanza aone kama mtoto ataishi ndipo akamwandikishe. Mzee Ham anasema yeye ni wa 1954. Kitambulisho alichoingia nacho nchini kilisema 1958, cha akiba kilisema 1951, na cha sasa, mlichompa ninyi, kinasema 1953. Tuna miaka sita ya kuzaliwa kwa watu wawili. Mwaka wake wa kweli Mzee Ham aliutaja mara moja tu maishani, kwenye chumba cha mahojiano, nao umo ndani ya jalada lako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mdogo ndiye humiminia mkubwa, kwa mikono miwili. Sasa kila mtu anajimiminia mwenyewe, babu soju yake, Mzee Ham chai yake ya shayiri, maana daktari amemkataza pombe. Wote wawili wanakunywa wamegeuza uso, mmoja ametazama friji, mwingine dirisha, na wala si ile heshima ya mdogo kugeuza uso anapokunywa mbele ya mkubwa.

2. Mkubwa ndiye hushika kijiko kwanza. Kwa hiyo wanashindana kushika. Walianza kushika kabla sijapakua, kisha kabla sijapika. Jumanne Mzee Ham aligonga mlango akiwa na kijiko tayari mkononi. Alikuwa amekishika tangu ghorofa ya nne.

3. Tangu Alhamisi hawali pamoja wala hawasemezani. Wanaachiana barua kwenye kabati la mpira wa zimamoto, katikati ya ngazi, na mwenye kuzichukua ni mimi. "Mwambie yule afisa," husema wa juu. "Mwambie yule mfungwa," husema wa chini. Mimi ni mtu ninayezunguka mtaa mzima ili nisisalimiane na mwenye duka, na sasa nabeba matusi ya watu wenye miaka sabini. Ya jana, kuhusu kabeji ya kuchachusha, ilisomeka hivi: "Kimchi yenu ya Kusini ina pilipili ya kufichia ubaya." Jibu lake: "Yenu ya Kaskazini ni maji ya kuoshea kabeji." Nilipanda na kushuka mara nane kwa ajili ya kabeji.

4. Babu amerudi kazini bila idhini yenu. Kwenye daftari langu la jiografia nimekuta: "Saa 3:10, mlengwa ametoka na takataka. Chupa ametupa kwenye pipa la karatasi. Saa 3:14, mlengwa amesimama kwenye ngazi, ameshika kifua. Saa 3:19, bado amesimama." Mstari unaofuata unasema: "Saa 3:21, ameendelea, ashukuriwe Mungu." Sidhani kama ripoti zenu huandikwa hivyo.

5. Hili ndilo kubwa. Mzee Ham atapasuliwa moyo tarehe 26. Hospitali inataka ndugu wa kutia sahihi, na ndugu zake wote wako upande wa pili wa waya wa mpaka. Babu alikubali zamani. Lakini kwenye fomu kuna kisanduku kilichoandikwa "Uhusiano na mgonjwa", na kimebaki kitupu kwa wiki mbili. Babu anasema, "Nikijiandika mdogo wake, nimeidanganya serikali." Mzee Ham anasema, "Akijiandika kaka yangu, nitakufa makusudi." Nilipendekeza waandike jirani. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi walikubaliana: babu alisema jirani ni yule anayeacha viatu kwenye korido, na Mzee Ham akaniletea jibu hilohilo kabla sijamfikishia la babu. Fomu inatakiwa tarehe 19. Bila sahihi hawampasui.

Nina la kukiri pia, ili usije ukaligundua mwenyewe. Kwenye ile miezi kumi na moja kulikuwa na siku ya baridi kali. Mzee Ham alijua anafuatwa, na alijua kwamba anayemfuata hajala tangu asubuhi. Alinunua viazi vitamu viwili vya kuchoma, akala kimoja, kingine akakiacha kwenye benchi kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, akaondoka polepole. Babu alikila. Hakuripoti. Nakuomba usiliingize hilo kwenye jalada, maana pensheni ya babu ni ndogo na kiazi kilikuwa kimoja.

La pili la kukiri ni langu. Shuleni nakula peke yangu. Mzee Ham alinifundisha jinsi ya kukaa mahali bila kuonekana, na babu akanifundisha jinsi ya kuwaona wanaojificha, kwa hiyo najua kwamba darasani tuko wanne. Sijawahi kuwasemesha wale watatu. Marafiki wangu wote wako kwenye ngazi hii, nao ni wawili. Mmoja akifa kwa sababu ya kisanduku, mwingine sijui nitamwambia nini, wala kwa lugha gani.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, jalada lifunguliwe na mwaka utajwe. Ikishindikana, tuma watu wamkamate mmoja wao, yeyote, wamhoji kwa upole kuhusu mwaka wake, na wamrudishe kabla ya tarehe 19. Na hilo likishindikana, basi ofisi yako itangaze rasmi kwamba wamezaliwa mwaka mmoja, kwa kuwa waliozaliwa mwaka mmoja hawadaiani heshima. Mmeshampa Mzee Ham mwaka mmoja wa kubuni. Wa pili hautawaumiza.

Wasalimie wote hapo ofisini, wanaojulikana na wasiojulikana. Kama yupo anayesikiliza simu yangu, mpe pole nyingi. Simpigii mtu.

Wako mtiifu,
Tak Eun-sol

Nyongeza baada ya sahihi: Tafadhali usifungue jalada.

Nilimpa babu barua hii aikague makosa. Aliisoma akiwa na kalamu mkononi, hakusahihisha kitu. Akasema, "Unawaomba watu wakusomee mwandiko wangu? Ham ni wa 1956. Nimejua hilo kabla baba yako hajazaliwa." Kisha akaivuta fomu, na kwenye kisanduku akaandika: mdogo wa mgonjwa.

Nikamwambia huo ni uongo.

"Nimeandika ripoti za kweli miaka ishirini na sita," akasema, "na sikumbuki hata moja iliyomfaa mtu."

Niliipandisha fomu ghorofa ya nne. Mzee Ham aliisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo, akanirudishia. Jioni alishuka mikono mitupu. Alingoja babu ashike kijiko, kisha akaichukua chupa kwa mikono miwili akammiminia. "Daktari amenikataza kunywa, kaka," akasema. "Kumimina hakunitajia."

Sasa kwenye karatasi mkubwa ni Mzee Ham, na mezani mkubwa ni babu, nami nimekula chakula kikiwa cha moto. Fomu nimeipeleka mwenyewe leo asubuhi, na nikasema "habari za asubuhi" kwa sauti.

Hospitali wakikupigia kuuliza, waambie Mzee Ham ni wa 1954. Mstari wa mwaka kwenye jalada lako una kosa, na aliyeliandika ameshalisahihisha.