Grey Jersey, Bendi ya Uingereza kutoka Joubert Park

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kuanzia leo mimi, fundi wa spika, ni meneja wa muziki. Lerato, mke wangu, amenikumbusha kwamba mwaka jana nilikuwa dalali wa vyumba, na kabla ya hapo mfuga sungura bafuni. Watu wengine hawana maono.

Ilianza hivi. Murielle, msusi wa ghorofa ya chini, ametolewa kwenye kwaya ya kanisa. Mama Jocelyne, kiongozi wa kwaya, kamwambia sauti yake ni ndogo mno, inafaa kubembeleza watoto. Nimemkuta analia ngazini. Lifti yetu ilikufa zamani, kwa hiyo wote tunakutana ngazini, hata kwa kulia. Amesema mama yake kule Kolwezi anaumwa, na ameomba jambo moja tu: amsikie mwanawe akiimba redioni kabla hajafumba macho. Kisha akaimba kidogo, nimsikie. Mwangwi ukapanda hadi juu, ukarudi. Mwili wote ulinisisimka!

Jioni nimepekua simu. Kumbe Waingereza wana muziki unaoitwa dream pop. Magitaa yenye mwangwi, mwimbaji ananong'ona kama aliyejifunika blanketi, maneno hayasikiki hata kidogo, na watu wanasifu! Nimemwahidi Murielle: mama yake atamsikia redioni. Nimeapa.

Jumatano, 7 Mei

Bendi imepata jina. Grey Jersey, kwa heshima ya sweta langu la kijivu linaloning'inia mlangoni. Inatoka Hull, Uingereza. Nani atamsikiliza msusi wa mtaa wetu huu wa Joubert Park? Wa Hull watamsikiliza. Mimi nitakuwa Nigel. Murielle nimemwita Mary Fields. Amekunja uso, akasema mama yake hakuzaa Mary. Nikamwambia jina hilo ni la muda tu, kama vile vibali vyetu vya kuishi nchi hii ya ugenini. Hapo alinielewa.

Nimetunga na historia. Walikutana shuleni, mvua ikinyesha. Wakatoa albamu tatu. Wakagombana. Wakanyamaza miaka kumi. Sasa wamerudi. Nilipofika mahali pa kupatana, machozi yalinilenga. Nimeandika vizuri sana.

Jumamosi, 10 Mei

Tumerekodi, pale pale ngazini! Papa Marcellin, fundi cherehani wa Marshalltown, ana gitaa na amplifaya tangu ujana wake Lubumbashi. Amekubali kutuazima kwa sharti moja: atajwe ndani ya wimbo. Wanamuziki wa Kongo ndivyo wanavyofanya. Aliyekusaidia unamtaja kwa jina, kwa sauti, katikati ya wimbo. Nikamweleza kwamba Waingereza hawana mambo hayo. Akaanza kulirudisha gitaa kwenye mfuko. Nikasema atatajwa.

Mimi nilipiga gitaa, zile kodi zangu tatu, yaani mishiko mitatu ya nyuzi. Dream pop haihitaji ya nne. Murielle aliimba kwa Kiswahili, maneno ya kumpa pole mama yake, na ngazi zikayameza yote. Kisha likafika jina. Binti asiyesikika akafungua kinywa: "Papa Marcellin eeeh, fundi wa mafundi!" Milango ikafunguka hadi ghorofa ya saba. Mama Jocelyne alichungulia, akabaki ameduwaa. Sijui sauti ile ilikuwa imejificha wapi.

Nilitaka kukifuta kipande hicho. Lakini Papa Marcellin alikuwa nyuma yangu, na mkasi mkononi.

Jumanne, 13 Mei

Amejibu! Denise, mtangazaji wa redio ya mtandaoni huko Uingereza niliyemtumia wimbo na historia kwa jina la Nigel, anapenda bendi zilizosahaulika. Anasema anazikumbuka vizuri albamu zetu zote tatu. Ya pili ndiyo anayoipenda zaidi. Nimekubaliana naye.

Ana swali moja. Marcellin ni nani? Ndilo jina pekee alilolisikia wazi, na lilimgusa moyo. Nikajibu kwamba ni mpiga ngoma wetu. Akauliza yuko wapi siku hizi, maana angependa kumhoji.

Nikaona sina njia. Nikamuua.

Ijumaa, 16 Mei

Tumepigwa redioni! Tulijazana saluni kwa Murielle. Denise alisoma historia yangu yote, kisha akaomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu Marcellin. Mteja mmoja, nywele zimesukwa upande mmoja, alisimama kwa heshima. Namshukuru Mungu Papa Marcellin alikuwa kazini kwake.

Nilimpongeza Murielle. Hakufurahi. Mama yake alikuwa ametumiwa kipindi na mpwa wake, na akapiga simu papo hapo. Alisema sauti ni ya mwanawe, hawezi kuikosea. Lakini mbona wanamwita Mary? Amelikataa jina alilompa? Murielle akanigeuzia macho. Niliona aibu. Chakula kilinishinda, isipokuwa nyama.

Jumapili, 18 Mei

Balaa! Yule mpwa alituma kipindi hadi Lubumbashi. Huko wakalisikia jina la Papa Marcellin, na mwenye Kiingereza chake akawatafsiria kwamba amefariki. Dada yake amefunga turubai, matanga yameanza. Papa Marcellin alipompigia kusema yu hai, dada alipiga yowe, akakata simu.

Papa Marcellin alinijia mbio. "Miye niko mzima! Niko nashona suruali za watu, nitakufa saa ngapi?" Nikasema pole. Akauliza pole ya nini, ya msiba?

Waumini nao walishaanza kufika na masufuria. Lerato ndiye aliyetuokoa. "Eish, Polycarp, wewe kaa pale, usiguse kitu," alisema. Akawapanga watu wote ngazini, akawapigia Lubumbashi na Kolwezi simu ya video. Papa Marcellin akacheza mbele ya simu kuthibitisha uhai wake. Murielle akaimba, safari hii kwa ile sauti kubwa tangu mwanzo. Kisha akasema wazi kwamba yeye ni Murielle, binti wa Mama Agnès, na hakuna bendi yoyote ya Hull. Mama Agnès alikuwa amelala kitandani, anatazama. Aligusa kioo cha simu kwa vidole, kama anayempapasa mtoto shavu. Nilipanda ghorofa mbili juu nikakaa peke yangu kwanza.

Papa Marcellin amenisamehe nusu. Anasema yeye na dada yake hawakuzungumza tangu walipogombea nyumba ya baba yao, na leo amemlilia kweli. Ila suruali yangu hataki kuishona.

Murielle aliniaga kwa upole. "Papa Polycarp, aksanti sana, lakini kazi ya meneja imeisha." Ana haki. Nimeapa mbele ya Lerato: sitadanganya tena, wala sitaua mtu mwingine.

Jumatatu, 26 Mei

Murielle alimwandikia Denise ukweli wote, ila jina langu alinifichia. Alisema tu kwamba meneja wa zamani alikuwa na matatizo. Denise alicheka, akaomba wimbo mpya kwa jina halisi. Leo umepigwa. Murielle wa Kolwezi! Mama Agnès alikuwa kwenye simu, anasikiliza pamoja nasi, na jina lilipotajwa alipiga kigelegele chembamba, akakohoa, akapiga tena.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mashine ya kukausha nywele. Katikati ya wimbo ikaja ile sauti: "Papa Polycarp eeeh, baba wa ngazi!" Jina langu! Hadi Uingereza! Nimelia waziwazi. Lerato alinipa taulo la wateja, akanishika mkono.

Sasa hivi Denise ameniandikia kupitia ile anwani ya Nigel, ambayo nilisahau kuifunga. Anauliza huyu Papa Polycarp ni nani, jina lake limemgusa sana.

Nilianza kuandika: ni mimi, fundi wa spika, najua kodi tatu za gitaa. Haikupendeza. Nikaikumbuka ile dakika ya ukimya, na yule mteja alivyosimama.

Nimemjibu kwamba Papa Polycarp alikuwa mtu mkubwa, na alitutoka mapema mno.

Asubuhi na mapema nimwambie Lerato, kabla ndugu zangu wa Morogoro hawajafunga turubai.