Mjumbe Wetu Kwenye Kamati ya Msitu

Redio ya Kinyozi ndiyo iliyoanza. Ilisema kuanzia sasa ule msitu wa hifadhi utasimamiwa pamoja na wananchi wanaouzunguka. Kinyozi akazima mashine, mteja akabaki na kichwa nusu. Mimi nilikuwa naziba pancha, nikaacha.

"Wananchi wenyewe si ndio sisi?" akauliza Spana, fundi pikipiki. "Basi kesho naingia kukata kuni."

"Nenda, watakupokea kwa pingu," Kinyozi akamjibu. "Muulize kwanza mjumbe wetu."

Tukamgeukia Asali. Mizinga yake ya nyuki imo ndani ya huo msitu tangu enzi za marehemu baba yake. Tangu uzio uwekwe, anaichungulia kwa nje kama mtu anayechungulia harusi ya mkewe. Ndiyo maana tulimchagua kwenye kamati, atafute njia ya kwenda kurina.

"Kikao kilikuwaje, mheshimiwa?" nikamuuliza.

"Kizuri. Tulikula, tukapigwa picha."

"Na mizinga?"

Akakohoa kidogo. "Tulipiga kura."

"Mkashinda?"

"Kwa kauli moja. Bosi wa hifadhi alisimama akauliza, nani hapa anaupenda msitu? Anyooshe mkono. Sasa jamani, mimi nisiupende? Nikanyoosha yote miwili."

"Halafu?"

"Akasema ahsanteni sana, jamii imeridhia msitu ufungwe kabisa na mizinga yote itolewe."

Spana alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Umejifukuza mwenyewe! Tena kwa mikono miwili!"

"Cheka tu, ndugu yangu. Wanangu wanasoma kwa asali ile."

Spana akameza kicheko. Simu ya Asali ikaita. Akaruka kutoka kwenye benchi, akasimama wima kama yuko kwenye gwaride.

"Ndiyo, mkuu... Naam, mkuu... Asubuhi na mapema, mkuu."

"Wanasemaje?" akauliza Kinyozi.

"Kesho wanaingia kuitoa mizinga. Ila hawajui ilipo. Wanataka mjumbe wa jamii awaonyeshe njia."

"Usiende!" tukapiga kelele wote.

"Zima simu!" akaongeza Spana. "Sema unaharisha!"

Asali akaketi tena, akajifuta jasho.

"Mnasema kirahisi," akasema. "Nisipoenda, wataandika kwamba jamii imekataa kushirikishwa."