Kilima Changu Kimehama

Jumanne, 3 Juni

Leo mambo! Meneja ametangaza kwamba hoteli inataka mwongozaji wa kupandisha wageni vilima vya mchanga kule ziwani. Waombaji ni wawili. Mimi, na yule kijana wa mapokezi tunayemwita Dira kwa sababu anatembea na dira shingoni kama kengele ya mbuzi. Jumamosi kila mmoja atachukua kundi lake. Wageni watakaorudi na furaha zaidi, kiongozi wao atavaa ile kofia pana ya mwongozaji mkuu.

Kofia lazima iwe yangu. Si kwa kiburi. Mama mkwe anakuja Ijumaa kututembelea, na siku ya harusi nilimwambia mimi ndiye mwongozaji mkuu hapa. Uongo? Hapana. Nilitangulia mbele kidogo, ukweli ukachelewa njiani. Miaka imepita, bado haujafika. Bado ni dobi, napiga pasi shuka.

Mke wangu ameniambia nimweleze mama yake ukweli, yaishe. Wanawake hawana subira.

Jumatano, 4 Juni

Akili yangu inanitisha. Nimeazima shuka za hoteli, nikazilowesha, nikafunga humo kreti ya soda, nikaizika kileleni pa kile kilima kikubwa kuliko vyote. Jumamosi wageni watafika juu ndimi nje. Nitasimama, nitanusa upepo, nitasema chimbeni hapa. Soda baridi kutoka jangwani! Nani atamkumbuka Dira?

Alama sikuweka. Alama ya nini? Kilima kizima ni alama. Mtu anapoteza ufunguo, anapoteza hata mke, lakini kilima?

Nilikutana na Dira akipanda kuchomeka vibendera vyake vya njia. Aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia nguo chafu. Akanipa pole kwa kazi nyingi. Maskini!

Ijumaa, 6 Juni

Upepo tangu jana. Umetokea ziwani, umepiga usiku kucha, umenifunga foronya usoni nikianika. Dira amerudi vilimani kuchomeka upya vibendera vyake. Nilimshauri apumzike, mchanga hauna miguu.

Meneja ameuliza shuka zimekwenda wapi. Nimesema upepo. Akatazama ziwani kwa huzuni. Nikamsaidia kuhuzunika.

Mama mkwe amefika. Viatu vya kufunga, mkoba, na macho yale yale. Ameuliza kama kesho atapata kupandishwa na mwongozaji mkuu. Nimesema mama, nitakusahau vipi tena! Mke wangu akaenda jikoni. Nilisikia sufuria zikiwekwa kwa nguvu.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa nimekaa upande. Mchanga uko mahali ambapo adabu hainiruhusu kuutaja.

Tuliondoka vizuri. Mimi mbele, nimebeba kichwani ubao wa kupigia pasi, maana soda lazima zipate meza. Mgeni mmoja aliuliza ule ubao ni wa nini. Nikasema ni siri ya jangwa. Jangwa nalijua, darasani tulilifikia kabla sijaacha shule. Maji nikawakataza kubeba, wasije wakaharibu kiu. Chupa yangu mwenyewe nilimpa mama mkwe alipoanza kuhema.

Kileleni nikanusa upepo. Chimbeni hapa! Wakachimba. Mchanga. Sogeeni kidogo! Mchanga. Nikapiga magoti nikachimba kama mbwa. Jasho, mchanga, aibu. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi juu ya ubao, akauliza kwa upole: mkwe wangu, kazi yako kila siku ni hii ya kufukua?

Ndipo nikasikia vicheko chini, upande wa ziwani. Kundi la Dira! Wamekaa juu ya shuka zangu, wanakunywa soda zangu! Kumbe upepo ulikuwa umesukuma kilele kuelekea nchi kavu na kuiacha kreti yangu uchi mteremkoni. Nikaruka kwenda kupiga kelele, nikajikwaa kwenye ubao.

Ubao ukaondoka. Na mama mkwe juu yake! Nikaudaka kwa nyuma, nikaburutwa kwa tumbo mteremko mzima huku nikiomba radhi kwa wakwe wote walio hai na waliolala. Tulisimama miguuni pa Dira. Halafu mama mkwe akacheka. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kuyaona meno yale! Dira akamfungulia soda. Mama akamsifu, kijana mwenye akili kama huyu amezaliwa na nani.

Kofia amepewa Dira, pamoja na shukrani kwa kuokota shuka zilizopeperushwa. Shuka nimepewa mimi. Nizifue.

Jumapili, 8 Juni

Chai na mama mkwe. Nilianza kueleza kwamba kofia iko kwenye matengenezo. Akanikatiza. Amesema alijua tangu harusini, kwa maana bwana harusi alikuwa ananuka sabuni ya kufulia na suruali yake ilikuwa na mikunjo ya pasi, mikali ya kukatia mkate. Akasema binti yake hajawahi kulalia shuka chafu, hiyo imemtosha. Nikajifuta macho. Nikasingizia chai ya moto.

Kisha akauliza, kwa kunong'ona, kama ubao ule bado upo.

Upo! Kesho anateremka tena, na safari hii atakuta soda yake mwenyewe chini. Nimeshaizika, kwa shuka zile zile, zilikuwa bado mbichi. Somo nimelipata: mchanga si wa kuaminika. Kwa hiyo alama nimeweka, tena alama ya maana. Pale ufukweni kuna korongo mweupe anayesimama kwa mguu mmoja. Nimemchunguza asubuhi nzima. Hatikisiki. Kreti iko nyuma yake kabisa.