Seva Isiyosubiri Salamu

Jumatatu, 3 Machi
Katesh, ofisi ya chama cha wafugaji. Kompyuta ya mapokezi imekatika tena mawasiliano na seva. Fausta, karani wetu, anaandikisha hereni za utambulisho za ng'ombe. Akifika katikati, kanzidata inamtupa nje. Meneja, Mama Kornelia, amesema atakayemaliza ugonjwa huu kabla ya Ijumaa ndiye mkuu wa mitambo. Mafundi tuko wawili: mimi na Renatus. Cheo ni changu! Nimemnong'oneza meneja kwamba kosa ni waya alioufunga Renatus.

Jumanne, 4 Machi
Nimebadilisha waya wote. Bado inakatika. Renatus kanipa pole huku akitabasamu. Sikuipokea.

Jumatano, 5 Machi
Nimekaa nyuma ya Fausta kuchunguza. Ajabu! Wakija vijana, shwari. Wakija wazee, inakatika. Aliingia Mzee Akonaay. Fausta akaacha kibodi, akasimama, akamwamkia. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua. Aliporudi kwenye kompyuta, seva ilikuwa imeshamfukuza. Bila shaka. Mwezi uliopita niliiagiza imtoe yeyote anayekaa dakika moja bila kugusa kibodi, isije ikachoka. Ubunifu wangu. Kuubadilisha ni kumpa Renatus cha kusema. Wabadilike wazee.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandika tangazo mlangoni: SALAMU ZIISHIE NJE. Haikukatika hata mara moja! Baadaye nikagundua hakuna aliyeingia. Mzee Akonaay alilisoma, akasema ofisi isiyoamkia watu haiwezi kuwatunzia ng'ombe, akaondoka. Wenzake wakamfuata. Mama Kornelia akaniuliza nimelelewa wapi. Nikamjibu Tumati. Akasema Tumati anaijua, na watu wake wana adabu. Niliona aibu, kwa muda.

Ijumaa, 7 Machi
Renatus ameichungulia seva, ameiongezea muda wa kusubiri hadi nusu saa, kisha akaenda kuwaomba wazee radhi. Wamerudi. Haijakatika. Cheo kimekwenda kwake. Nimeumia, sifichi. Mimi nimehamishiwa tawi la Hirbadaw, lenye seva yake na lisilo na Renatus.

Jumatatu, 10 Machi
Hirbadaw. Wazee wa huku huulizana hata hali ya ndama, mmoja mmoja. Nimetafakari kwa kina kosa nililofanya Katesh. Dakika nzima! Ilikuwa huruma iliyopitiliza, ikawazoesha watu vibaya. Hapa nimeweka sekunde kumi na tano.