Kontena Langu na Kabati la Mkutubi

Jumatatu, 3 Juni
Programu ya maktaba ya chama chetu cha wasomaji imekamilika. Kwenye kompyuta yangu inakwenda kama maji. Kwenye kompyuta ya chama haikufunguka kabisa. Mkutubi, mtunza kadi zetu za vitabu tangu chama kianze, aliniuliza kwa upole kama maktaba yote ihamie sebuleni kwangu.

Mwalimu mzima, nisijidanganye katika shajara yangu mwenyewe. Hoja si vitabu, ni dirisha. Kabati lake la kadi limeziba pale penye mwanga mzuri kuliko pote. Jumamosi kuna mkutano. Programu ikikubaliwa, kabati linatoka, kiti changu kinaingia.

Jumanne, 4 Juni
Mpwa wangu, mhandisi wa programu, amenipa dawa: kontena. Jambo jepesi. Unaifunga programu pamoja na kila inachohitaji, kama mtu anayehama na jiko lake, sufuria zake na hata chumvi yake. Afikapo haombi kitu. Unaandika maagizo, kompyuta inayafuata, kifurushi kinatoka.

Cha kwanza kilitoka kikubwa ajabu. Nilikuwa nimefunga folda nzima, pamoja na picha za harusi ya dada yangu. Mpwa akasema, Mjomba, humu mama hahitajiki.

Jumatano, 5 Juni
Imekubali! Kompyuta ya chama imelipokea kontena bila kunung'unika. Mpwa ameonya kwamba kontena ni la kutupwa: ukibadilisha chochote, la zamani linaondoka na yote yaliyoandikwa ndani yake. Orodha ya vitabu, anasema, ikae nje, kwenye diski. Nikamuuliza nani huhamia nyumba mpya akaacha vyombo barazani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua. Lakini yeye ni mpwa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwomba Mkutubi aingize vitabu yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna avijuaye kama yeye. Sifa hulainisha. Ameketi toka asubuhi hadi jioni, ameingiza vitabu mia tatu na kumi na viwili. Analichimbia kabati lake kaburi kwa mikono yake, nami namletea chai. Nilimwongezea sukari.

Ijumaa, 7 Juni
Mkutubi kalalamika kuwa herufi ni ndogo kama chawa. Haki yake. Nikazikuza, nikafunga kontena jipya, nikatupa la zamani. Herufi zimependeza. Vitabu: sifuri. Nikazima, nikawasha. Sifuri, tena kwa herufi kubwa sana.

Nikampigia mpwa. Akauliza kama vyombo vilikuwa ndani au barazani. Watoto wa siku hizi.

Jumamosi, 8 Juni
Mkutanoni nilieleza maana ya kontena kwa dakika arobaini. Mwenyekiti wetu, fundi viatu, akaniomba nitafute kitabu kimoja tu, kile cha ufugaji wa nyuki. Kabla sijamaliza kuandika neno la kwanza, Mkutubi alishavuta droo na kadi iko mkononi. Kabati libaki, wakaamua. Kura zote isipokuwa yangu.

Nilimwomba Mkutubi msamaha kwa kazi yake ya siku nzima. Alisema, Mwalimu, ungetaka dirisha ungesema tu, sote tunakuona unavyolikodolea macho. Akalisukuma kabati hatua moja kwa nyonga, akaniambia nilete kiti.

Jumapili, 9 Juni
Nimesoma asubuhi nzima, jua begani, Mkutubi kando yangu akipanga kadi. Raha. Ila sasa fundi viatu naye anapatamani mahali hapa. Lazima pawe na zamu, na zamu zinataka programu. Wanachama watajiandikisha wenyewe kuanzia kesho. Mpwa kaniletea kurasa mbili kuhusu diski ya nje. Nimezikunja vizuri chini ya mguu wa kiti, kilikuwa kikiyumba. Majina yote nitayaweka ndani ya kontena, mahali salama.