Kibali cha Kutisha

Je, wewe umewahi kuogopa bila kibali? Kama ndiyo, usimwambie mtu, maana siku hizi ni kosa. Serikali, kwa huruma yake, imeunda Kamati ya Uratibu wa Hofu, na mimi bibi yenu, niliyeishia darasa la saba, ndiye Kipimo Rasmi.

Kazi si ngumu. Nakaa kwenye kiti chenye mto wa kijani, pembe moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Nafungwa mashine ya presha mkononi, naoneshwa kitu cha kutisha. Presha ikipanda, kinakataliwa kwa kuvuruga utulivu. Isipopanda, kinakataliwa kwa kudanganya wananchi kwamba kinatisha. Haki inatendeka pande zote.

Kuna njia moja tu ya kupita. Mkurugenzi wa Kamati aliiandika mwenyewe, Kifungu cha Tisa: kitakachomtisha Mkurugenzi kipigwe muhuri papo hapo. Alicheka sana siku aliyokiandika.

Basi akaja binti mmoja mtengeneza vionjo, zile filamu fupi za kutangaza gemu. Gemu yao ni ya mizimu. Wameihangaikia miaka mitatu, watu wanne, chumba kimoja. Ijumaa inatoka, na bila kionjo chenye muhuri hakuna atakayejua kama ipo. Watafunga chumba.

Mara ya kwanza kamati iliona mzimu umetoka kabatini bila kubisha hodi. Binti akarekebisha, mzimu ukabisha. Mara ya pili damu ilikuwa nyekundu kupita kiwango. Akaipunguza, ikawa kama maziwa. Presha yangu haikucheza, nikapiga miayo, ikaandikwa kwenye kumbukumbu.

Alhamisi nikamkuta kwenye benchi la korido, macho yamevimba.

"Bibi, niambie ukweli. Hivi wewe mizimu huiogopi?"

"Mjukuu wangu, kwa umri huu nusu ya mashoga zangu ndio hao hao."

"Sasa unaogopa nini?"

Nikamwonesha dirisha la karani. "Hapa nilikaa miaka sita nikifuatilia barua ya pensheni ya marehemu babu yako. Kila nikiwa wa pili kwenye foleni, dirisha linashuka, na Mkurugenzi, enzi hizo karani, anasema: 'Rudi kesho.' Walipoona ninavyovumilia, wakaniajiri."

Binti akafuta macho, akatoa kamera.

Ijumaa asubuhi tukakaa kitako. Taa zikazimwa. Kwenye skrini, korido. Ndala zinaburuzika, shwaa, shwaa. Muhuri unagonga mbali: du! Unasogea: du! Kwenye benchi mzee kakaa, kisogo tu, faili mapajani. Sauti ikaita: "Anayefuata!" Mzee akainuka, magoti yakalia. Dirisha likashuka, kraaa! Akageuka taratibu.

Alikuwa Mkurugenzi. Uso ulitolewa kwenye picha yake iliyotundikwa kila ukuta, ila tai hana, na faili limeandikwa MSTAAFU. Sauti ya dirishani ikauliza: "Wewe ndiye nani?"

Mkurugenzi amebakiza miezi miwili astaafu. Alipiga ukelele ambao sijausikia tangu wodi ya wazazi, akaruka viti viwili, akajibanza nyuma ya pazia. Viatu vikabaki nje, vikitetemeka.

Karani wa sasa akafungua kanuni, akasoma Kifungu cha Tisa kwa sauti, hata koma hakuiruka. Halafu: du! Binti akakumbatia karatasi yake, akatoka mbio.

"Nakifuta!" pazia likapayuka. "Huo muhuri naufuta leo hii! Bibi, waambie!"

Nikavua mashine ya presha, nikaukunja waya wake vizuri. Nikasogea hadi kwenye pazia, nikainama kidogo kwa heshima, nikamwambia maneno niliyoyameza tangu enzi za benchi:

"Rudi kesho, baba."